Nati na stadi za turbo zikiganda: namna ya kuzitoa bila kuzikata

Hii ni ya wale ambao turbo yao, kile kifaa kinachozungushwa na moshi kuisukumia injini hewa zaidi, yavuja oili ama yapiga filimbi, wameshaamua itoke, halafu wamefungua boneti wakakuta zile nati zinazoishika kwa manifoldi, yaani chuma kinachokusanya moshi wa injini, zimekuwa kahawia tupu, pembe zimeliwa na hujui hata spana namba ngapi itaingia. Mombasa hapa jambo hili ni la kila gereji, kuanzia Likoni mpaka Jomvu, na sababu zake ziko wazi.

Ya kwanza ni chumvi. Gari linalolala karibu na bahari, haswa kusi ikivuma, linalala limelowa unyevu wa chumvi usiku kucha, na wewe waliosha juu tu, huko chini hakuna anayepaona. Halafu magari mengi tunayoendesha yametoka Japani, na mengine yametumika huko sehemu za theluji ambako barabara humwagwa chumvi wakati wa baridi, yaani gari linateremshwa Kilindini tayari lina kutu yake. Ya pili ni joto. Moshi unaoingia kwa turbo ya dizeli ikiwa na mzigo, tuseme unapanda Mazeras na watu kumi na wanne ndani, unaweza kufika nyuzi 700 na kupita, na injini ya petroli inapita hata 900. Chuma chapanuka, unazima gari, chapoa, chajikaza tena, kila siku miaka nenda rudi. Na kutu ina tabia mbaya moja, huchukua nafasi kubwa kuliko kile chuma ilichokila, kwa hivyo inajaza ule mwanya mdogo ulio kati ya meno ya nati na meno ya stadi, ile bolti isiyo na kichwa, mpaka hivyo viwili vinakuwa kama kipande kimoja.

Stadi nayo, yenye meno pande zote mbili, upande mmoja umezama kwa manifoldi na mwengine unashika nati, imepikwa na hilo joto mpaka imechoka. Sasa ukija na paipu la mita moja ukaning'inia, kitakachoachia mwanzo si kutu, ni stadi. Ndo maana mimi husema hii kazi ina ngazi zake: dawa, mtikiso, moto, weldi, drili. Kila ukishuka ngazi moja muda na pesa zinaongezeka, kwa hivyo usiruke hata moja, na vilevile using'ang'anie ngazi moja ikiwa mkono wako ushakwambia imeshindwa. Hilo la mkono nitalirudia manake ndo kazi yenyewe.

KABLA YA SPANA YOYOTE

Toa kichwa cha negativu cha betri. Kama utaingia chini ya gari weka stendi, jeki peke yake si ya kuaminiwa hata dakika moja. Piga picha na simu kila upande, paipu za oili, za maji, hosi ndogo ndogo za vakyumu, manake kesho kutwa hutakumbuka ipi ilienda wapi. Turbo nyingi za Subaru na za Toyota zina njia ya maji, hizo mwaga maji ya rejeta kwanza injini ikiwa imepoa.

Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hivyo viti na kile kifuniko lazima vitoke, na usijidanganye ati utapenyeza mkono kwa kando. Nafasi ndo nusu ya kazi. Spana ikikaa upande upande kwa sababu umekosa nafasi, ndo unakula pembe za nati. Toa kila kinachokuzuia mpaka soketi iingie imenyooka.

Yale mabati yanayokinga joto hushikwa na bolti ndogo za spana namba 10, na hizo ni nyembamba, hukatika ukizitazama vibaya. Zipe dawa nazo pia, usizidharau kwa sababu ni ndogo.

Sasa, brashi ya waya. Watu hupita hapa mbio kwenda kumwaga dawa, lakini dawa juu ya gamba la kutu yaishia kwenye gamba. Sugua ncha ya stadi inayochomoza mbele ya nati mpaka uone meno, sugua kuizunguka nati yote na pale inapokutana na manifoldi. Yale meno ya mbele yakiwa machafu, nati hata ikiachia itajipakia uchafu njiani na kuganda tena katikati ya safari, na hapo ndo stadi nyingi hukatika, mtu ashaanza kufurahi.

DAWA NA SUBIRA

Dawa ya kutu ni yoyote ile ya kupenya, sio oili nzito ya injini. WD-40 iko kila duka la spea na yafaa, ingawa zile zilizotengenezwa haswa kwa kazi ya kupenya hufanya vizuri zaidi. Mafundi wengi huchanganya wenyewe oili ya gia otomatiki, ile nyekundu ya ATF, na asetoni, nusu kwa nusu. Yafanya kazi, ila vitu hivyo viwili havikai pamoja, tikisa chupa kila unapotaka kutumia, na asetoni yashika moto haraka sana kwa hivyo isikaribie moto wala manifoldi yenye joto. Mafuta taa hutumika ukiwa huna kingine, lakini hayo mimi huyaweka mwisho.

Namna ya kuimwaga: siku ya kwanza, kabla hujatoa betri wala kumwaga maji, washa gari liungurume kidogo, lizime, lisubiri mpaka manifoldi iwe vuguvugu, yaani unaweza kuigusa na mkono bila kuruka. Hapo mwaga, isipokuwa ile ya asetoni, hiyo subiri ipoe kabisa. Chuma kikiendelea kupoa chajikunja na kuivuta dawa ndani kwa meno. Usimwage ikiwa moto kabisa, utapata moshi na pengine moto wenyewe. Mwaga jioni, mwaga tena asubuhi, na jioni ukipata nafasi, katikati hapo gonga gonga nati na nyundo ndogo, sio kwa hasira, kiasi cha kuifanya itikisike. Ule mtikiso hupasua kutu nyufa ndogo ndogo na dawa hupata njia. Mteja akikwambia ataka gari leo leo, mwambie bei ya kutoa stadi iliyokatikia ndani, kisha muulize tena.

SPANA, NA KUSIKILIZA MKONO

Tumia soketi ya pembe sita, sio ya pembe kumi na mbili. Ya kumi na mbili yashika kwa ncha tu na ndo inayoviringisha nati. Gari za Kijapani nati ya stadi ya milimita 8 kwa kawaida ni spana 12 na ya milimita 10 ni spana 14, lakini kutu ikishakula unaweza kukuta 12 yacheza, hapo chukua 11 ama ya inchi inayobana, uigongelee na nyundo mpaka ikae. Kwa 14 iliyoisha jaribu 13 ama nusu inchi. Usiendelee na soketi inayocheza ukitumaini Mungu atasaidia.

Mwanzo kaza. Ndio, kaza, kidogo tu, robo ya nguvu zako. Lengo ni kuvunja ule mshiko wa kutu upande ambao haujazoea kusukumwa. Ukisikia "tak" umeshinda nusu. Kisha fungua.

Sasa hapa ndo pa kutulia. Kutu ikiachia hutoa sauti, "krak" kavu, mkono wasikia kitu kimekatika ghafla halafu nati yasogea ikiwa nzito lakini yasogea. Hiyo ni habari njema. Lakini ukivuta na spana ikasogea polepole bila sauti, laini laini, na ukiachia inarudi nyuma kidogo kama mpira, simama hapo hapo. Hiyo si nati inayofunguka, ni stadi inayojipinda. Ukiongeza robo nyengine imekwisha. Rudisha ulikotoka, mwaga dawa, nenda ngazi ya moto. Fundi anayeijua hii hisia hukata stadi chache sana hata kama vifaa vyake ni vya kuazima, na asiyeijua atazikata hata akiwa na duka zima la vifaa, ndo maana sipendi kijana aanze kujifunza kazi hii na impakti, ile mashine ya kufungulia kwa mipigo. Mkono hausikii kitu kupitia impakti.

Si kusema impakti ni mbaya. Ile mipigo yake midogo midogo inatikisa kutu vizuri kuliko kuvuta kwa nguvu moja ndefu. Itumie kwa nguvu ya chini, mipigo mifupi, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na soketi nyeusi za impakti sio zile za kung'aa ambazo hupasuka zikaruka usoni. Kama huna, spana ya ringi imekaa sawasawa na unaigonga mkia wake na nyundo yatoa kitu hicho hicho.

Nati ikishaanza kutoka usiizungushe moja kwa moja mpaka mwisho. Toa nusu mzunguko, rudisha robo, mwaga dawa, toa tena. Ikiwa nzito ghafla katikati, rudisha ndani, usilazimishe. Na legeza zote kidogo kidogo kabla ya kutoa hata moja, manake ukitoa zote ukabakisha ya mwisho, uzito wote wa turbo unaning'inia hapo na stadi hiyo inapinda. Tafuta mtu akushikie ama weka kigogo chini.

Nati ikitoka pamoja na stadi yake, usilie, hiyo ni bahati. Stadi mpya ndiyo uliyokuwa unaihitaji.

MOTO

Hapa kuna watu huogopa sana na wengine hawaogopi kabisa, na wote wawili hunitia wasiwasi. Kabla hujawasha chochote futa dawa yote uliyomwaga, weka kitambaa kilicholowa maji juu ya hosi na waya za karibu, ujue paipu za mafuta zimepita wapi, na uwe na kizima moto mkononi, sio "kiko kule ofisini". Jambo jengine ambalo wengi hawalijui: zile dawa za kopo za kusafishia breki, baadhi zina klorini, na zikikutana na moto ama cheche za weldi hutoa gesi ya sumu inayoitwa fosjini, inayoharibu mapafu. Kwa hivyo pale utakapopasha moto usisafishe na hiyo kitu.

Pasha nati, sio stadi. Nati ikipata joto tundu lake lapanuka, stadi ndani bado haijafika joto hilo, mshiko waachia. Kwa tochi ndogo ya gesi ya kupikia itachukua muda, kwa oksijeni na asetilini ni sekunde chache tu mpaka nati iwe nyekundu hafifu. Ikifika hapo peleka moto pembeni, tia soketi, jaribu polepole. Ikikataa wacha ipoe, pasha tena. Kupanda na kushuka kwa joto ndo kunakovunja kutu, sio ule wekundu wenyewe.

Kama ni bolti iliyozama kwa manifoldi na sio nati, basi pasha chuma kinachoizunguka, sio bolti.

Kuna na ule ujanja wa mshumaa, wazee wa gereji wanaupenda na mimi naukubali. Pasha nati, ondoa moto, igusishe mshumaa pale inapokutana na stadi. Nta yayeyuka na kunyonywa ndani ya meno na hukaa mle kama kilainishi. Usiigusishe nati ikiwa nyekundu, itawaka tu, subiri wekundu uishe.

Tahadhari ya alumini: manifoldi na ule upande wa moto wa turbo kwa kawaida ni chuma cha kalibu, hivyo vinavumilia. Lakini silinda hedi za gari nyingi, kwa mfano injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1KD na injini za Subaru, ni alumini, na ile nyumba ya turbo upande wa hewa pia ni alumini. Alumini huyeyuka karibu nyuzi 660 na haibadilishi rangi kukuonya, unaitazama iko sawa, mara imedondoka. Kwa stadi zilizoshika manifoldi kwa hedi ya alumini tumia joto dogo na la muda mfupi. Usielekeze moto katikati ya turbo penye beringi na sili ikiwa hiyo turbo wataka kuitumia tena.

NATI IKIKATAA KABISA

Ikate. Nati ni bei ya chai, stadi iliyokatikia ndani ni siku nzima. Grainda ndogo ama patasi kali, kata upande mmoja ukifuata urefu wa stadi mpaka karibu ufike meno, halafu igonge na patasi ipasuke. Pia kuna kile kifaa cha kupasulia nati, kikiingia hapo ni kizuri kuliko grainda, manake cheche hazina adabu. Funika kwanza mdomo wa turbo na matundu ya oili kwa kitambaa na tepu. Pangaboi la turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, punje moja ya chuma ikiingia humo, turbo mpya umeiua kabla hujaiwasha.

STADI ILIYOBAKI AMA ILIYOKATIKA

Ikiwa imechomoza na meno yake ni mazima, funga nati mbili, zibane moja kwa nyengine kwa nguvu, halafu fungua kwa spana ukishika nati ya ndani. Meno yakiwa yameisha, vaisigripu nzuri, lile koleo la kujifunga, iliyobana sawasawa, pamoja na dawa na moto kama nilivyosema juu. Vaisigripu ikiteleza mara moja usirudie pale pale, itaikwangua stadi iwe duara zaidi, ipe pande mbili bapa na tupa kwanza.

Imekatikia karibu na uso wa manifoldi? Hapa weldi ndo rafiki, na kwangu mimi huja kabla ya drili. Weka washa, ile pete bapa ya chuma, juu ya kisiki, ichomelee kwa stadi kupitia tundu la katikati, juu yake weka nati kubwa kidogo, ichomelee kwa ndani mpaka ijae. Wacha ipoe mpaka wekundu uishe, gusisha mshumaa, halafu mbele nyuma, mbele nyuma, taratibu. Ule moto wa weldi umeingia mpaka mzizi wa stadi, mara nyingi yatoka kirahisi mpaka wajiuliza ilikuwa yagomea nini. Weldi ikiachia, rudia, kurudia hapa hakuna hasara. Waya wa athi wa mashine ya weldi uubane kwa manifoldi yenyewe karibu na unapochomea, usiuweke mahali ambapo umeme utapita katikati ya beringi za turbo, na betri iwe imetolewa.

Drili ni mwisho. Na kama manifoldi yatoka, itoe uipeleke kwa fundi mwenye drili ya meza, usitoboe ikiwa kwenye gari mkono umepinda na tochi ya simu mdomoni. Piga panchi katikati kabisa, na nasema katikati kabisa, saga kwanza kisiki kiwe bapa ndo upate katikati. Anza na biti ya milimita 3, mwendo wa polepole, oili ya kukatia, kisha panda. Ukipata biti za kugeukia kushoto tumia hizo, saa nyengine zenyewe huivuta stadi ikatoka ungali unatoboa. Zile ekstrakta za kugongelea, vyuma vya kutolea bolti iliyokatika, mimi siziamini kwa stadi za turbo, chuma chake ni kigumu na chavunjika ghafla, na ikivunjikia ndani biti ya kawaida haiigusi tena.

Ukilazimika kutoboa mpaka mwisho, stadi ya M8, yaani ya milimita 8, yenye hatua (umbali wa jino mpaka jino) ya 1.25, tundu la kutoboa kabla ya tapu, kile kifaa cha kukatia meno, ni milimita 6.8, ya M10 hatua ya 1.25 ni 8.8, na ya M10 hatua ya 1.5 ni 8.5. Pima hatua kabla, manake hizo M10 mbili zachanganya watu. Meno ya manifoldi yakiwa yameharibika, weka helikoili, ule waya wa koili unaotengeneza meno mapya, ni kazi ya heshima na yadumu.

KURUDISHA

Pitisha tapu kwa kila tundu, puliza na upepo, miwani iwe machoni. Weka rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi uone kama umepinda, tazama na nyufa, haswa katikati ya matundu. Stadi na nati ziwe mpya zote, hata zile zilizotoka salama, zimeshapikwa tayari. Nunua za ekzosti, sio bolti yoyote ya hadwea ati meno yanalingana, chuma cha kawaida kwenye joto hilo chaisha nguvu.

Paka grisi ya kuzuia kuganda, ya shaba ama ya nikeli, ya nikeli yavumilia joto zaidi. Kidogo kwa meno tu. Na ujue ukiipaka, nati huteleza, kwa hivyo kipimo kile kile cha toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kitakaza zaidi ya kilivyokusudiwa, angalia kitabu cha gari chasema nini, kavu ama na grisi. Gasketi mpya, washa za shaba za paipu ya oili mpya. Kaza kwa msalaba, kwa awamu, sio moja mpaka mwisho halafu nyengine.

Kabla ya kuwasha mimina oili safi kwa tundu la oili la turbo, uzungushe pangaboi na kidole, unganisha paipu, halafu piga stata bila injini kuwaka mpaka taa ya oili izime. Kisha washa, wacha iungurume bila kukanyaga, zungusha macho chini uone kama pavuja. Siku ya pili, injini ikiwa baridi, chungulia pembeni mwa gasketi na tochi. Ukiona mstari mweusi wa masizi hapo pavuja moshi, pima nati zote tena na toki renchi, na kama zote zashika kipimo basi tatizo si nati, ni uso wa manifoldi, itoe ukaisawazishe.